Mjane Aliyeosha Sahani Mbili

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nitakusimulia ingawa wewe hukuniuliza hilo. Ulikuja na mengine. Ulitaka nikueleze maisha yangu ya uandishi, vitabu vyangu vya vijana, na msimamo wangu kuhusu mambo yanayosemwa siku hizi. Kila anayepita mlango huu anataka msimamo. Chai haijapoa, tayari nimeulizwa, "Bibi, wewe uko upande gani?" Utafikiri mimi ni daraja.

Kisha ukanionyesha hadithi yako, ile ya binti wa shule aliyepewa mimba na mwalimu wake. Ukasema umeshaituma mtandaoni, watu wanaisoma na kulia. Nikakuuliza, huyo binti anajua? Ukatabasamu. "Nimebadilisha jina, Bibi."

Umebadilisha jina! Haya, kaa chini. Hiyo simu iweke mbali kidogo, haitakufa njaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikiishi kwa wazazi wangu pale Bwiza. Vita vilikuwa vimeukata mji vipande vipande. Mtu aliyezaliwa hapa hapa Bujumbura alikuwa na barabara asizoweza kuzivuka. Ulikuwa unaulizwa unatoka kartie gani, yaani mtaa gani, kabla hujaulizwa jina, na jibu lako lingeweza kukumaliza. Sisi wa Bwiza tulikuwa tumechanganyika, Waislamu wa tangu zamani, watu wa Kongo, wenyeji wa kila namna, basi tukajidanganya kwamba hayatatufika. Yalitufika.

Mimi nilisaidia kwenye maktaba ndogo ya vijana, chumba kimoja chenye rafu nne, na nilikuwa naandika. Naandika nini? Kila kitu! Nikiona watu wawili wanagombana sokoni, jioni wameshaingia kwenye daftari langu. Hadithi ikiisha naipeleka kwa Mzee Hamadi, mshona vitabu, fundi aliyekuwa akitengeneza misahafu iliyochanika na vitabu vya shule. Alikuwa na taipureta kuukuu aliyoniachia niitumie. Nikishachapa, tunatoa fotokopi, naye anazishona kwa uzi na kuzibandika jalada la karatasi ngumu. Vijana walikuwa wanapokezana vijitabu vile mpaka vinalegea. Wakaanza kuniita mwandishi. Na mimi, mwanangu, nikaamini.

Mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja wa Uvira, upande wa Kongo, Mama Stella, mjane. Binti yake Stella alikuwa ameolewa kulekule Uvira, kwa hiyo mama aliishi peke yake, akiuza chai na maandazi mlangoni pake. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa. Siku moja aliniita ndani, na kicheko hakikuwepo.

"Zaituni," akasema, "we uko na vitabu kule maktaba. Nipe viwili, vitatu. Vinene."

Nikashangaa. Mama Stella hakujua kusoma. Akaniangalia muda mrefu, kama anayepima unga, halafu akanifungulia chumba cha nyuma.

Nyuma ya magunia ya unga alikuwa amekaa kijana anayeitwa Deo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akiishi Mutanga Sud, na wenzake aliosoma nao ndio waliokuwa wakimtafuta wamuue. Alikimbia akiwa na kiatu kimoja. Mtu pekee aliyemjia akilini alikuwa mama huyu aliyemuuzia chai kila alipopita Bwiza. Mama Stella hakumuuliza kabila wala kartie. Alimuuliza kama amekula.

"Anakaa humu wiki ya tatu," aliniambia. "Ukuta anauhesabu. Atapata wazimu. Mulete vitabu, na kinywa chako kifunge."

Nikapeleka vitabu, nimevifunga ndani ya kanga. Deo alivisoma, kisha akaomba nilivyoandika mimi. Akanisifu. Akasema, "We uko na jicho, Zaituni. Unaona vitu watu wengine hawaoni." Sijui kama kuna sumu tamu kuliko hiyo kwa kijana anayeandika.

Ni kweli nilikuwa na jicho. Niliona kwamba Mama Stella, aliyekuwa akiosha sahani moja kila mchana mbele ya mlango wake, sasa anaosha mbili. Hakuna mtu mwingine mtaani aliyeona hilo. Watu walikuwa na shida zao. Nililiona mimi, na badala ya kumnong'oneza, "Mama, osha sahani ndani," nikaenda nyumbani nikaliandika.

Hadithi niliiita *Mgeni wa Chumba cha Nyuma*. Mama Stella nikamfanya Mama Roza. Deo nikamfanya Damiani. Bwiza sikuitaja. Nikajiona mwerevu kweli. Lakini maandazi yalikuwa maandazi, magunia yalikuwa magunia, na mwanzo kabisa, kwa uandishi niliojivunia, nikamweka mjane anayeosha sahani mbili. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, wazee walisema. Mimi nilikuwa kata, na nikapiga kelele.

Mzee Hamadi akashona nakala thelathini. Hakuzisoma, macho yake yalikuwa yanachoka, na aliniamini.

Jumamosi nikaisoma mbele ya vijana pale maktaba. Chumba kilijaa, wengine walisimama dirishani. Wasichana walilia. Walipomaliza kupiga makofi, msichana mmoja akauliza, "Dada Zaituni, uyu Mama Roza si kama ule mama wa maandazi wa pale kwetu?"

Nisikilize vizuri hapa. Ningeweza kusema apana. Ningeweza kucheka, nikasema niliota. Mimi nilitabasamu. Nilitabasamu vilevile ulivyotabasamu wewe leo, tabasamu la mtu anayejua jambo na anataka wengine wajue kwamba anajua. Tabasamu lilitosha.

Jumatatu asubuhi Mzee Hamadi akatuma mtu aniite haraka. Nikaenda mbio nikidhani wateja wameomba nakala zaidi. Nilimkuta amesimama, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameacha kiti chake saa za kazi. Nakala moja ilikuwa imerudishwa kwa sababu kurasa zilipinda. Alipoifungua airekebishe, akaanza kusoma.

"We mutoto," akaniambia, "mi nakuuliza jambo moja. Mama Stella anajua kama uliandika hii?"

"Nimebadilisha jina, Mzee."

Akaipiga meza kwa kiganja mpaka mkasi ukaanguka. "Jina! Mutu ni jina? Kama mi nikifunika uso wako na kuacha mwili wote, mama yako hatakujua? Astaghfirullah! Watu wanatafuta ule kijana kwa panga, na we unawachorea njia, unawawekea na jalada!" Akashika uzi wake, akautupa. "Na mi nilishona. Mikono hii. Nilishona bila kusoma. Ni ujinga wa watu wawili huu."

Nikaanza kulia. Hilo ndilo lililomchosha kabisa. "Utalia kesho," akasema. "Leo tembea."

Tulikwenda pamoja, yeye na fimbo yake, mimi nyuma yake. Alimweleza Mama Stella kila kitu palepale mlangoni, kwa sauti ya chini. Mama Stella hakunitazama. Hakupoteza hata dakika moja kunitukana. Aliwaita wanawake watatu wa Kongo waliokuwa wanarudi Uvira na mabeseni yao, akamvalisha Deo koti chakavu, akamtwika gunia la unga lililomfunika uso mpaka mabegani. Wakatoka wakipiga kelele za biashara na kumgombeza mpagazi wao kwamba anatembea polepole. Wakapanda basi la kuelekea mpakani. Mzee Hamadi akabaki anasoma dua.

Saa tisa mchana, siku ileile, walikuja wale waliokuwa wakimtafuta. Walikuwa vijana sita, na mmoja wao nilikuwa nimemwona Jumamosi kwenye dirisha la maktaba. Waliingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Hawakuuliza njia, ya nini, nilikuwa nimeshawaandikia. Walipokosa mtu wakachana magunia, unga ukamwagika mpaka barabarani, kisha wakamrudia mama. Mmoja alimpiga na rungu kwenye mkono wa kulia. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila kitu, siku ile sikupata hata moja.

Mama Stella alihama wiki ileile. Jamaa yake alikuwa mpishi katika nyumba moja huko Kibenga, kando ya ziwa, akampokea. Hakuniaga. Mimi nikakusanya nakala zile, nilipata ishirini na sita, Mzee Hamadi akazichoma kwenye jiko lake la kuchemshia gundi. Nne sikuziona tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na karatasi zikitawanyika ni hivyohivyo. Hiyo simu yako je? Ataichoma nani?

Sikuandika kwa miaka mitatu. Aliyenirudisha ni yuleyule mzee aliyenigombeza. Siku moja aliniwekea daftari jipya mezani, alilolishona mwenyewe, akasema kwa hasira, "Alors, sasa? Umenyamaza ili nani apone?" Nikaanza upya, polepole. Wakati vita vinaelekea mwisho nikapata mtu wa kunichapishia kitabu cha kwanza, hadithi za vijana wa mtaani. Nikachukua nakala moja, nikaenda Kibenga.

Nilimkuta Mama Stella anachambua ndagala uani. Mkono wake wa kulia haukuwa umenyooka vizuri. Akaniona, akaendelea na samaki wake. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha, na yeye akaniacha nimepiga magoti muda mrefu hasa. Magoti yangu yanakumbuka.

Mwishowe akasema, "Deo alifika. Alikaa kwa Stella miezi miwili. Kisha barua moja ilitoka Kigoma. Basi."

"Alhamdulillah," nikasema.

"Ile hadithi yako nilisomewa," akasema. "Wale wamama walinisomea kule Uvira, nilipoenda kuona Stella, nakala moja ilifika. Uliandika muzuri. Nilijiona kabisa. Ndiyo ubaya wake, kama ungeandika vibaya mukono wangu ungekuwa muzima."

"Zaituni, kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utakataa, Mama."

"Nisingekataa!" Akatupa ndagala ndani ya beseni kwa hasira, kama ameudhika kwa miaka yote ile na sasa amepata mahali pa kuitua. "Ningekuambia ngoja. Ngoja ule mutoto avuke. Ni wiki moja, mbili. Wiki mbili zilikushinda?"

Ndiyo, mwanangu. Wiki mbili zilinishinda.

Nikafuta machozi, nikamuuliza kwa aibu kama ananiruhusu siku moja niiandike upya. Akafikiri. Akasema, "Andika. Lakini sasa weka jina langu. Uyu Mama Roza ni nani? Mama Roza alificha mutu? Mama Roza alivunjwa mukono? Ni mi!"

Ndicho kitabu changu kile unachokisifia, na jina lake limo, lote, alivyotaka.

Basi usinifanye niseme ambacho sikusema. Sikukatazi kuandika mambo ya leo. Andika! Huyo mwalimu aandikwe, wakubwa wanaomlinda waandikwe, na ukinyamaza kwa woga nitakuja kukugombeza mwenyewe, na fimbo yangu. Msimamo wangu ulioutaka ndio huu: maumivu ya mtu yana mwenyewe. Kabla hujaandika, nenda kwake, keti chini, umuulize. Akisema ngoja, ngoja, hata kama kalamu inakuwasha. Akisema apana, basi ni apana, andika jingine, dunia haijakauka. Na ukiulizwa kama ni fulani, usitabasamu. Heri usifiwe mwakani kuliko kusifiwa leo na mwenzako alipe.

Sasa inuka, uifute hadithi ile leo hii kabla hujala, kisha uende kwa yule binti. Usiende na simu. Nenda na mkate na sukari, umsikilize mpaka amalize.

Mungu akupe jicho la kuona, na moyo wa kulifumba inapobidi. Akukutanishe na watu watakaokugombeza mapema. Wale utakaowaandika wasikukimbie ukibisha hodi, na siku utakapokuwa bibi kama mimi, vitabu vyako visikuonee aibu. Amina. Nenda, mwanangu, jua linakuchwa.