Dawa ya Bi Ersilia

Daktari wetu hakumgusa mgonjwa kabla ya kupasha mikono yake joto kwenye jiko. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa muuguzi wake pale kijijini Roccalba, na kila majira ya baridi nilimwona akisugua viganja huku akiwatania wazee. "Mzee Gualtiero, moyo wako unadunda kama wa bwana harusi. Bibi harusi umemficha wapi?" Wazee walicheka hadi wakasahau maumivu. Dawa chungu aliionja kwanza yeye, akakunja uso watoto wacheke, ndipo akawapa kijiko.

Februari ile mkewe, Bi Ersilia, aliugua tumbo. Daktari alimchanganyia dawa mwenyewe, na siku hiyo hakuionja. Aliiweka mezani, akanawa mikono mara mbili, akaniambia bila kunitazama, "Mpe yote, dada," kisha akatoka kwenda kwa wagonjwa wengine. Nililiona hilo, nikajiambia amechoka tu.

Bi Ersilia alikufa, na baada ya miezi mitatu kaburi lake lilifukuliwa, sumu ya panya ikapatikana mwilini, na daktari akakiri mahakamani kwa sauti yake ileile ya upole. Majirani walinishika mkono wakisema, "Pole, Nives, ungejuaje?" Sijawahi kuwaambia kwamba siku ile Bi Ersilia alikisogeza kando kikombe cha dawa.

"Nives, moyo wangu unaikataa hii. Lazima ninywe?"

Nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni. "Kunywa, mama," nikamwambia. "Daktari anajua."