Mshika Vichwa

Kama uling'olewa jino katika kijiji chetu kabla muuguzi Laetitia hajaja, basi ulikumbatiwa na Noël. Sikutanii. Poste yetu ya afya, vyumba viwili vya mbao, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kibua, ilikuwa na koleo moja la meno, kiti kimoja, na Noël. Mgonjwa akiketi, Noël alisimama nyuma yake, akakibana kichwa kati ya mkono na kifua, muuguzi Symphorien akavuta. Watu walimwita Eto, kile chuma cha seremala kinachobana ubao usicheze.

Mimi ni Agathe. Ninafagia pale, ninachemsha vyombo, ninaandika majina ya wagonjwa. Kwa hiyo niliona yote, na mengine afadhali nisingeyaona.

Nguvu zake Noël alizileta kutoka njia ya mgodi wa Bisie. Enzi zile watu walipochimba kwa mikono, alibeba mawe ya kasiterite, madini ya bati, porini siku mbili nzima, kilo hamsini mgongoni, na akifika alikuwa bado na pumzi ya kutania. Mashine zilipoingia, wabebaji walirudi nyumbani. Naye akarudi na mikono yake, akalima muhogo kama sisi. Symphorien alipomwomba aje kushika wagonjwa, alikubali siku ileile. Alipata sahani ya bugali na sombe, yaani kisamvu, siku nyingine asante tu, lakini alijiona mtu wa maana.

"Bila mimi," alikuwa akisema, "docta angekuwa anakimbizana na bagonjwa mu mashamba."

Tulicheka. Sisi sote tuliamini kwamba jino lazima liume likitoka, na kwamba mganga asiyekuliza hajui kazi. Mgonjwa akimpiga Noël mkononi kuomba aachiwe, Symphorien alisema tu, "Usimuangalie. Bote banapiga vile."

Halafu ikafika zamu ya Francine.

Francine alikuwa mke wa Noël, mwembamba, mwenye ulimi, mtu pekee aliyeweza kumwambia lile jitu linyamaze na likanyamaza. Jino la nyuma, la chini, lilimnyima usingizi wiki mbili. Dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha, na njia ilikuwa imefungwa na mapigano, haikupita hata pikipiki. Francine alisema atangoja. Noël ndiye aliyembembeleza, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Ni dakika moja, mama ya Plamedi. Mimi njo nitakushika. Utaogopa nini kama ni mimi?"

Hili nitalisema haraka kwa sababu linaniuma. Francine alimpiga mkononi. Alimpiga tena na tena. Noël akafumba macho, akabana. Jino likavunjika, mizizi ikabaki ndani, Symphorien akachimba, na sote tukasikia taya likialika. Siku ya sita shingo ilikuwa imevimba hata mate hayapiti. Tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, kuelekea hospitali ya Walikale, wanaume wanne wakipokezana, isipokuwa Noël, ambaye hakukubali kupokewa. Alikufa njiani, kabla hatujavuka mto.

Symphorien hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi kwa kile alichopewa. Alilia kaburini kama mtoto, kisha akaomba uhamisho. Noël hakukanyaga tena poste. Akitoka shambani alizunguka nyuma ya kilima ili asilione paa lake.

Miezi minane ikapita, ndipo akaja Laetitia, mzaliwa wa Nyamitaba upande wa Masisi, mfupi, miwani usoni, sauti ya chini mpaka unakasirika kumsikiliza. Mgonjwa wake wa kwanza wa jino alikuwa bibi mmoja aliyekuja na watoto wake wawili wanaume, mapande ya watu. Laetitia akawauliza wanatafuta nini.

"Tumekuja kumushika, docta."

"Basi mumushikie kikapo yake, kule inje."

Nikadhani hana akili. Nikabaki mlangoni na fagio langu nione atakavyoumbuka. Aliipasha joto kiganjani dawa ya ganzi aliyokuja nayo, akaichoma polepole, akangoja, akimwuliza bibi habari za wajukuu. Kisha akatoa kisu kidogo chembamba, bapa, kisichozidi kijiti cha kiberiti kwa upana. Akakipitisha kulizunguka jino, katikati ya jino na mfupa, bila kuvuta. Akakizungusha kidogo, akasubiri. Akazungusha tena. Alinieleza baadaye nilipochemsha vyombo.

"Mama Agathe, jino haishikwe na mufupa. Inashikwa na nyuzi, ndogo-ndogo, kuzunguka. Ukizikata, jino inajilegeza yenyewe. Na kama iko na mizizi ya kukataa, unaigawanya, unatoa kila muzizi peke yake. Mwenye kuvuta ni mwenye kukosa subira."

Bibi alikataa kuondoka. Alisema hajang'olewa kitu, mbona hajasikia? Ikabidi aonyeshwe jino, na hata hapo alipitisha ulimi pengoni mara tatu, akatuangalia kama wezi.

Habari ikaenea hadi Kibua. Noël aliisikia, maana kijijini hakuna asichosikia mtu, lakini aliendelea kuzunguka nyuma ya kilima.

Mwaka huu Noël naye jino lake likaoza. Alikaa nalo miezi minne. Nilipokutana naye kisimani, shavu limejaa, nilimgombeza. Akanijibu taratibu, "Francine alienda na maumivu yake, Mama Agathe. Acha na mimi nibaki na yangu." Hasira zikaniisha.

Kisha uvimbe ukashuka chini ya kidevu, mahali palepale ulipoanzia kwa Francine. Binti yao Plamedi, ana miaka kumi na sita, alikuja nyumbani kwangu kuniita. Tukaenda wote kwa baba yake. Msichana hakupiga kelele. Alipiga magoti mbele yake, akasema, "Papa, ukienda na wewe, mimi nitabaki na nani?"

Noël akavaa shati.

Laetitia alimpa dawa za kutuliza uvimbe kwanza, siku nne. Siku ya tano akamketisha. Kiti kilikuwa kilekile. Noël alikaa kama mtu anayengoja hukumu, kisha akasema jambo lililonifanya niweke ndoo chini.

"Docta, usinichome sindano. Ninataka nisikie."

Laetitia hakujua kisa chake, maana sote tuliona aibu kumsimulia. Akanitazama, nami nikatazama sakafu. Akamjibu, "Hapana, Papa. Hapa hatufanyake vile." Akaipasha dawa kiganjani.

Ilichukua muda. Jino lilikuwa la nyuma, la chini, lenye mizizi miwili. Alilizunguka na kile kisu, akangoja, akazunguka. Akaligawanya. Akatoa mzizi wa kwanza, akatoa wa pili. Mikono ya Noël ilikuwa imeyakamata magoti yake yenyewe, na nikaona inavyolegea kidogo kidogo, kidole baada ya kidole, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukazia.

"Imeisha," Laetitia akasema.

"Imeisha?"

"Imeisha, Papa. Uume pamba hii, usiteme-teme."

Noël hakuondoka. Aligeuka akatazama nyuma ya kiti, mahali alipokuwa akisimama yeye. Hapakuwa na mtu. Kisha akanyoosha kidole kwenye sahani ya vyombo, akasema kwa pamba mdomoni, maneno yakimtoka nusu nusu.

"Hii kisu kidogo. Ilitengenezwa mwaka gani?"

Nilielewa anauliza nini. Nilimwomba Mungu Laetitia adanganye. Aseme ni kitu kipya, kimetoka Ulaya juzi, mwaka jana hakikuwepo hata Goma. Ningemsamehe uongo huo, na padri angemsamehe. Lakini hakujua, na ni mtu wa kweli, tena alifurahi kuulizwa.

"Ile iko ya zamani sana, Papa. Wewe haukukuwa umezaliwa. Hata Papa yako."

Noël akatikisa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia.

"Basi haikukosekana," akasema. "Ni sisi tu haikutufikia."

Akayatazama mapajani pake yale mamikono, moja, halafu lingine. Plamedi aliingia kumchukua, akamwambia, twende, Papa. Hakuinuka. Machozi yalimtiririka hadi kwenye pamba, na Laetitia akaniuliza kwa sauti yake ya chini kama dawa imeanza kuisha, kama inamuuma.

"Haimuume," nikamjibu. "Njo hiyo analilia."