Kilemba Changu na Hesabu za Babeli

Jamani, aibu nimezipata nyingi, lakini ile ya kuvua kilemba mbele ya mkwe, hata leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa mwaka wa sabini, Maskati, mimi mwalimu wa hesabu niliyetoka Unguja juzijuzi, na wazee wangu wamekwisha kuniposea Zuwena (tulikua mtaa mmoja huko kwetu, nikimpenda kimyakimya), ila babake, Mzee Seif, akasema hatoi jibu mpaka anione kwa macho yake nilivyokua. Basi nikaenda na kilemba cha kashmiri, kahawa na halua zikaja, nikajibu vyema kila swali, mpaka akaniuliza, "Hizi kanuni zenu za mraba, mwanangu, watu walizijuaje?"

Ningesema Wallahu aalam, yangekwisha. "Watu wa Babeli walizijua zamani," nikasema, "na huenda walianza kwa kukata na kupanga maumbo, jicho likaona kwanza, hesabu ikafuata," na kwa kuwa kilemba ni mraba na sisi twakikunja kila siku, nikakivua nikakitandaza mkekani nimwonyeshe. Nikasahau kuwa asubuhi ile nilijinyoa mwenyewe kwa kioo kidogo, kichwa kizima mabaka! Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko.

Mwenye akili angekirudisha kichwani. Mimi nikaendelea. "Pembe zote nne zikikutana katikati, Mzee, unapata mraba ulio nusu kamili ya huu, wala hukupima kitu!" Nikakunja ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne ikagoma, nikaivuta kwa nguvu, kumbe imekaliwa na sahani ya halua, halua yote ikapindukia kwenye kashmiri.

Mzee Seif akaingia ndani, akarudi na kofia yake kuukuu, akanivika kwa mkono wake.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Nna kicheko nimekizuia, na mgeni hachekwi."

Siku kadhaa sikutoka nje ila kwenda kufundisha, nikijua Zuwena ndiyo basi tena. Kisha mamake akaja kwetu na kile kilemba, kimefuliwa, kimepigwa pasi, pembe zote nne zimekutana katikati sawasawa.

"Zuwena kasema hesabu yako kaimaliza yeye," yule mama akaniambia huku akicheka, "na babake kesharidhia."

Nikaapa sikivui tena mbele za watu. Tangu siku hiyo, nikiwa ukweni na mtu akanitajia Babeli, nakishika kilemba kwa mikono miwili na kusema, "Muulizeni Zuwena."