Jiwe Lililorashiwa Marashi

Kazi yangu ni kuotesha mawe. Ndivyo nilivyomweleza mama, maana neno perovskaiti lilimshinda, nikaliacha. Katika maabara ndogo hapa Kibaha nachanganya chumvi zenye madini ya risasi, nazipasha moto taratibu, na Mungu akijalia hutokea chini ya chupa jiwe la rangi ya chungwa, dogo kama punje ya hindi. Jiwe hilo hunasa miale ya eksirei. Likiwa safi, miale kidogo tu inatosha kutoa picha. Adui yake ni unyevu, nasi tunaishi Pwani.

Mama alikuwa na kikohozi kilichokataa kwisha. Aligoma kupigwa picha ya kifua. Miale, alisema, inakausha damu. Basi nikachukua jiwe langu bora kuliko yote, ndani ya chupa iliyofungwa barabara, nikaenda nalo kwake kijijini Msimbu nikidhani nitamtoa hofu.

"Siku moja, mama, picha zitapigwa kwa miale kiduchu tu kwa sababu ya mawe kama hili. Ila usiliguse, lina sumu."

Akaliangalia sana. "Basi nitalingoja hili, mwanangu."

Nilitaka kulia. Kwa ujanja wangu wote, nilikuwa nimempa sababu mpya ya kukaa nyumbani.

Kesho yake, Ijumaa, nikiwa bafuni, akafanya lile analofanyia kila kitu anachokitakia heri, kuanzia mtoto mchanga hadi mbegu za kupanda. Alifukiza ubani, akasoma dua, akafungua chupa, akalirashia jiwe marashi. Niliporudi rangi ilikuwa imetoka, limefunikwa utando mweupe. Nilifoka. Nilimfokea mama yangu mzazi mpaka majirani wakasikia.

Alikohoa kwanza, akafuta mdomo kwa upindo wa khanga.

"Kuotesha lingine kunachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa. Lakini mpaka mawe haya yafike hospitalini ni miaka."

"Miaka?" Hasira ikahamia kwake. "Mbona hukusema? Mimi miaka naitoa wapi?"

Jumatatu tulikuwa hospitalini Tumbi. Mlangoni pa chumba cha eksirei alitoa mrashi kwenye mkoba, akanikabidhi.

"Haya, nirashie na mimi."

Nikaupokea, nikamrashia.