Uso Mpya wa Gitaa la Mzee Guyo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa randa wala msumeno. Fundi Mkuu wa karakana ile, hapa Isiolo mjini, alinionyesha rundo la mbao lililoshushwa kutoka Meru, akaniambia nizigonge moja moja kwa kifundo cha kidole kisha nimwambie nasikia nini. Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzi tu, nimevaa viatu vya kuazima kwa dada yangu, na nilitarajia kazi ya kueleweka.

"Gonga, usiogope, haiumi," alisema. "Ile inalia, weka huku. Ile imenuna, weka kule. Ya kununa tutafanya kitanda. Ya kulia tutaongea."

Jioni vifundo vyangu vilikuwa vimechubuka na mama akaniuliza kama nimeajiriwa kupigana. Lakini masikio yalikuwa yameanza kufunguka. Muuru, ule mti wa milimani wenye rangi ya asali, una sauti nene inayokawia kuondoka. Podo ni nyepesi, inajibu haraka. Mpingo ni mweusi na mzito, ukiugonga unalia kama chupa. Na kuna mbao nzuri kabisa kwa macho ambazo ukizigonga ni kama umegonga gunia la mahindi. Hizo ndizo wateja walizipenda zaidi, na Fundi Mkuu aliwauzia meza bila kinyongo.

Vijana wa siku hizi mnaponiuliza nilijifunza wapi kutengeneza magitaa, mnategemea nitaje chuo. Nilijifunza kwenye kona ya karakana ya vitanda. Wanamuziki wa mji walileta vyombo vyao vilivyovunjika kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kupeleka, na Fundi Mkuu hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu. Alinifundisha kwamba gitaa lina sehemu kama za mtu: uso ni ubao wa mbele, ambao nyuzi hukaa juu yake, mgongo uko nyuma, na mbavu ni mbao nyembamba zilizokunjwa pembeni. Mgongo na mbavu hushikilia, lakini uso ndio unaoimba. Nilikaa naye miaka mingi na hakuna siku aliyonipigia kelele. Alinuna, ndiyo. Akinuna alikuwa anapanga misumari kwa ukubwa, na sote tulijua tukae mbali.

Yeye ndiye aliyenituma Nairobi, kwa karakana ya vyombo vya muziki, akisema amefika mwisho wa anachojua. Ni watu wangapi husema maneno hayo? Nilimshukuru nikilia, naye akaenda kupanga misumari.

Nairobi nilikuwa chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Hapo ndipo nilipokutana na gitaa la umeme kwa ukaribu. Mengi ya magitaa hayo ni ubao mzima usio na tumbo, na sauti huchukuliwa na pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ikaaye chini ya nyuzi. Lakini liko la aina nyingine, lililobuniwa kwa ajili ya wapigaji wa jazi. Hilo lina tumbo wazi kama gitaa la kawaida, uso wake umechongwa ukavimba kidogo katikati, na pande mbili za uso huo kuna matundu yaliyopinda. Pikapu ipo, lakini mti nao unasema. Ukilipiga unasikia umeme na mti vikiongea pamoja. Nililipenda mara moja, wenzangu wakanicheka kwamba nimepata mchumba.

Kwa Msimamizi nilijifunza gundi ya ngozi. Inapikwa polepole, inanuka vibaya, na inashika vizuri sana, lakini ukiipulizia mvuke inaachia. Siku moja alinikuta nikitafuta gundi ya dukani ili nimalize haraka.

"Hiyo weka chini," aliniambia. "Wewe utakufa, gitaa itabaki. Usishike kitu na gundi yenye mtu wa kesho hawezi kufungua."

Sentensi hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko mshahara alionilipa, na sisemi mshahara ulikuwa mbaya.

Nilirudi nyumbani Isiolo kufundisha. Chuo cha ufundi kilikuwa kinataka mwalimu wa useremala, na Mkuu wa Chuo, mama mnene mwenye kicheko kinachosikika hadi getini, alinikubalia niwe na darasa dogo la magitaa mradi viti vya darasani viendelee kutengenezwa. Nilifundisha hapo hadi nikastaafu. Nimefanya kazi nyingi, na nyingine nimezisahau, lakini iko moja ambayo nikiikumbuka nasimama kidogo.

Mzee Guyo alikuwa mpigaji wa arusi. Waborana wa mji huu na wa mbali walimjua, na hata sisi Wameru tuliokuwa hatuelewi maneno tulikuwa tunasimama nje ya ua kusikiliza. Alikuwa akiimba na gitaa lake la jazi, lile la tumbo wazi, aliloachiwa na kiongozi wa bendi mmoja wa ng'ambo aliyemaliza mkataba wake hotelini. Lilitengenezwa na karakana ndogo ya Ulaya iliyokwisha kufungwa. Katika maisha yangu sijaona la pili kutoka karakana hiyo. Uso ulikuwa wa msonobari wa nchi za theluji, mgongo wa mti mweupe wenye mawimbi, na ubao wa vidole, ule ambao nyuzi hubanwa juu yake, ulikuwa wa mpingo.

Kisha Mzee Guyo aliugua koo. Daktari alimpasua akamponya, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono. Watu walidhani amekwisha. Yeye akaanza kupiga kwa gitaa yale maneno aliyokuwa akiyaimba, na watu wa arusi wakayatamka wenyewe, na kazi ikaendelea.

Siku aliyoingia karakana ya chuo na mkewe, Bibi Halima, gitaa lilikuwa limefungwa kwa shuka kama maiti. Ukame ule mrefu ulikuwa umeukausha uso hadi ukapasuka, na nilipomulika ndani kwa tochi nikaona wadudu wamekula vile vijiti vinavyoutegemeza. Uso ulikuwa umezama. Haukuwa wa kuzibwa tena.

"Salaam aleikum, Mwalimu," Bibi Halima alisema. "Tunaletea wewe mgonjwa."

Mzee Guyo akainama karibu na sikio langu, maana ndivyo alivyokuwa akiongea. "Sauti ya kwanza daktari alichukua," alinong'ona. "Hii ya pili wewe usichukue."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Chuo. Alisikiliza yote, na safari hii hakucheka. "Mwalimu, stoo ni yako, chukua mbao unataka," alisema. "Lakini hii ikiharibika, mimi sina maneno ya kuambia huyo mzee."

Msonobari wa kule haukupatikana. Nikachagua podo safi kabisa, nikachonga uso mpya, nikaubandika kwa gundi ya ngozi, nikafunga nyuzi. Ulikuwa mzuri. Nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo. Mzee Guyo alikaa kwenye benchi, akapiga polepole, akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Hii ni mtu mwingine," alinong'ona.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike. Aliliweka gitaa mezani akaniuliza habari za watoto wangu, kwa adabu, jinsi mtu anavyofanya anapoaga matangani. Bibi Halima alitazama dirishani. Nikaelewa kwamba akitoka mlangoni vile, hatapiga tena.

"Mzee, usiende," nilimwambia. "Gundi hii inafunguka. Niambie, kwenu mti wa sauti mnautafuta wapi?"

Walitazamana. Bibi Halima ndiye aliyejibu, karibu kwa aibu. "Sisi hatujui mambo ya gitaa. Ya kengele ya ngamia tunajua."

Wiki ile Mkuu wa Chuo alitupatia gari la chuo tukaenda kijiji cha Leparua kwa Mzee Dida, mchongaji wa kengele. Kengele hizo si za chuma. Ni za mbao, zimechimbwa ndani, na hufungwa shingoni mwa ngamia ili zikigongagonga, watu wa nyumbani wajue yuko wapi kichakani. Mzee Dida alitusalimu, "Nagaa, nagaa," akatukalisha, chai ya maziwa ya ngamia ikaja, ndipo akauliza shida yetu. Nilipomweleza alicheka sana kusikia kwamba mwalimu wa chuo ametafuta mti kila mahali isipokuwa jikoni.

Maana mbao zake zilikaa jikoni. Ni za mti mwepesi ambao Waborana huuita hammesa, unaoota hapa hapa kwenye nchi kavu. Anaukata, anaupasua, halafu anauning'iniza juu ya moto wa kupikia, upate moshi na joto kidogo kidogo, misimu na misimu. "Hii imeshakunywa ukame yote," aliniambia. "Haina kitu imebaki ya kupasuka." Nikashika kipande kwa vidole viwili pembeni, nikakigonga. Nilitamani Fundi Mkuu angekuwepo akisikie.

"Na unajuaje kengele imekuwa sawa?" nilimuuliza.

"Mimi sijui. Mwenye ngamia pia hajui, yeye yuko karibu sana," alisema. "Tunaita mama wa boma. Anasimama mbali, anageuka, haoni. Yeye ndiye anangojeanga jioni. Akisema ni hiyo, ni hiyo."

Nilirudi na vipande vyembamba, kwa kuwa hammesa haina shina pana. Niliviunganisha ubavu kwa ubavu mpaka vikatosha uso. Mti huo ni laini, na nilihofia nyuzi zitauponda, kwa hiyo niliuacha mnene kidogo kuliko nilivyofundishwa, na chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, nikapachika kibanzi cha mpingo ili uzito usambae. Nilichonga, nikagonga, nikachonga tena. Kuna siku nilisali juu ya ubao ule, na mimi si mtu wa kusali kazini. Uso wa podo niliutoa kwa mvuke, ukaachia taratibu bila kung'oa hata kibanzi kimoja cha mti, na nikamshukuru mzee wa miwani ya kamba ya kiatu kwa sauti, wanafunzi wakanishangaa.

Siku ya kulijaribu, Mzee Guyo hakutaka kulipigia karakanani. Alinong'ona kwamba tufanye kama kwa Mzee Dida. Bibi Halima akavuka uwanja wa chuo hadi karibu na ua wa michongoma, akasimama akitugeuzia mgongo, buibui yake ikipeperuka. Tukatoa kipaza sauti kidogo nje. Mkuu wa Chuo alikuja na walimu wawili.

Mzee Guyo alianza na wimbo wa arusi. Niliisikia sauti ikitoka: nyembamba mwanzoni, halafu ikajaa, na ndani yake ukavu fulani mtamu ambao msonobari haukuwa nao. Mimi niliipenda. Lakini mimi sikuwa wa kuulizwa. Bibi Halima hakusogea. Mzee Guyo akapiga wimbo mwingine. Bado hakusogea.

Ndipo Mzee Guyo akaacha nyimbo, akapiga kitu kifupi tu, kinachopanda na kushuka, kama mtu anayeita. Sikukijua. Mkuu wa Chuo naye, mtu wa kujua kila wimbo, alitikisa kichwa. Mzee Guyo akakipiga mara ya pili.

"Nakuja!" Bibi Halima akaitikia kutoka kule, kwa nguvu, jinsi mwanamke anavyojibu akiwa jikoni.

Kisha akageuka, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Alitueleza baadaye, akifuta machozi na kucheka. Zamani, kabla ya ugonjwa, mumewe akirudi kutoka arusi za mbali alikuwa anamwita jina lake kwa kuimba tangu njiani, ili atoke kumpokea. Tangu siku ya daktari hakuwahi kuitwa hivyo. "Sikufikiria kujibu," alisema. "Mdomo ilijibu yenyewe."

Nilistaafu muhula uliofuata. Mkuu wa Chuo alinifanyia sherehe na hotuba ndefu, na nimesahau alichosema, anisamehe. Sasa nakaa hapa Kiwanjani, na mnapokuja kuniuliza siri ya kazi huwa nawapa gonga-gonga ya mbao, mnanuna, nami nafurahi. Mungu amenipa walimu wema na masikio yanayofanya kazi hadi leo. Wakati mwingine jua likipoa, gitaa lile husikika kutoka nyumba ya Mzee Guyo, mitaa michache kutoka kwangu. Hupiga nyimbo zake, halafu hupiga kile kifupi cha kuita. Mimi huacha ninachokifanya, hata kama ni chai, nikangoja mpaka nimsikie Bibi Halima akijibu.