Sharti la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Baba Mkubwa huchomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta yake kuukuu na kuuzungusha kwenye mguu wa kiti. Kisha huketi kujaribu programu za bure zinazotumia akili mnemba kufanya kazi zenyewe: kujibu barua, kupanga miadi, kufuta mafaili. Zinazofaulu huziingiza kwenye orodha yake mtandaoni, na watu wasiomjua huiamini kuliko matangazo. Mkewe husema ameletewa mke mwenza asiyekula.

Masharti kayabandika ukutani. Programu ijaribiwe siku saba bila mtandao. Awepo mtu wa kuulizwa ikiharibika. Isifute kitu bila ruhusa. La tatu limeandikwa kwa kalamu nyingine, baadaye.

Baadaye ya nini, binti wa mdogo wake anajua. Programu aliyoitunga babake iliingia orodhani bila kujaribiwa hata saa moja. Ya ndugu, ijaribiwe ya nini? Hospitali moja ikaichukua ipange miadi. Wagonjwa wasiopokea simu, ikawafuta kimyakimya. Mmoja alikuwa mshonaji aliyesubiri zamu ya kupasuliwa moyo. Simu yake ilikuwa kwa fundi. Zamu ikampita, na mwezi uliofuata akazikwa.

Juzi binti huyo alikuja na babake kwa Baba Mkubwa. Kampuni moja ilikuwa tayari kumwajiri babake, mradi programu yake irudi orodhani.

"Kaka, nimeirekebisha. Sasa inauliza kwanza."

"Vizuri. Iache hapo siku saba."

"Jibu wanalitaka kesho."

"Basi kesho waambie bado."

"Yaani mimi nipange foleni na watu baki?"

"Mara ya kwanza hukupanga."

Babake alinyanyuka, chai kaiacha nusu. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.

Binti akabaki na vikombe mkononi. Swali lilikuwa limemkaa kooni mwaka mzima, na yeye si mtu wa kuuliza.

"Baba Mkubwa, ile ya kwanza ungeijaribu, ungeliona kosa?"

Mzee aliinama, akaukaza waya kwenye mguu wa kiti, ingawa haukuwa umelegea.

"Siku ya kwanza tu, mwanangu."