Ukurasa Mmoja wa Noelene

Noelene Pascoe alikuwa mtu wa ukurasa mmoja. Ratiba ya wazee wa Allora, mji mdogo wa Australia, wanaopelekwa hospitali ya Toowoomba kwa magari ya watu wa kujitolea aliipanga kwenye kompyuta, kila mzee na rangi yake, kisha akaichapa kwenye karatasi moja tu, ibandikwe kwenye friji bila kukunjwa. Ukimshauri atumie mbili, alikutazama kana kwamba umeingia sebuleni kwake na matope. Na kusema haki, kazi yake ilikuwa safi. Madereva hawakuuliza kitu. Walisoma, wakawasha gari.

Wiki ile Valmai, mmoja wa madereva, alilalamika kwamba maandishi yanamuumiza macho. Noelene akakuza herufi. Akaongeza na safu ya pembeni ya zamu za kuoka keki za chai ya ukumbini, maana zamu hizo nazo zilikuwa zinaleta maneno. Halafu akaiamuru programu ibane kila kitu ndani ya ukurasa, nayo ikabana. Karatasi ilitoka inapendeza mpaka akajisifu peke yake jikoni, kisha akaenda kuitia kwenye masanduku ya barua ya madereva na wazee wote.

Ijumaa asubuhi, akiwa anapaka mkate siagi, simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa figo. Clarrie Dwyer hakuonekana Jumanne wala Alhamisi, na simu yake haipokelewi. Mtu kama yule akikosa kusafishwa damu mara mbili, muuguzi alisema kwa sauti ya chini, anaweza kufa.

Noelene alimjibu kwamba haiwezekani. Akafungua kompyuta, na Clarrie alikuwapo, kwa rangi ya machungwa, wa mwisho Jumanne na wa mwisho Alhamisi. Akashusha pumzi. Kisha akabandua karatasi kwenye friji, akalitafuta jina kwa kidole. Halikuwapo. Kwa herufi zile kubwa, kisanduku cha siku kilitosha majina matano, na Clarrie alikuwa wa sita. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha kwamba chini kuna kingine. Kwenye karatasi hata huo mshale haukuchapwa. Keki zilikuwapo zote.

Aliita gari la wagonjwa, akampigia Valmai huku anatafuta funguo. Valmai alisema hakuliona jina, akadhani Clarrie yuko kwa binti yake. Noelene aliendesha gari akipita nyumba ambazo kila moja ilikuwa na karatasi yake ukutani.

Alimkuta mzee jikoni, miguu imevimba mpaka soksi amezikata kwa mkasi, anavuta pumzi kwa taabu. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la Jumapili. Noelene akapiga magoti karibu na kiti chake.

"Clarrie, kwa nini hukunipigia?"

"Nikwambie nini, mama? Wiki iliyopita nilimtapikia dereva wangu Trev kwenye gari lake jipya. Karatasi ilipokuja sina jina, nikasema haya, wamenichoka. Nao wana shughuli zao."

"Hakuna aliyekuchoka. Ni mimi, mpumbavu mkubwa. Nilikuza herufi, wewe ukadondoka."

Mtu alikuwa amekaa siku zote hizo akijifia kwa adabu, asimsumbue yeyote, kwa sababu ya vipimo vya herufi alivyochagua Noelene mwenyewe. Nje gari la wagonjwa lilikuwa linakata kona. Clarrie akamkazia macho, na ilionekana kwamba mwenye kushtuka zaidi alikuwa mzee.

"Wewe ukosee?" alisema. "Mimi mbwa wangu nimeshamgawa."